Karama Kizimbani, Kazimoto Likizoni: Upweke wa Kijana Mwenye Kipaji katika Riwaya Mbili za Kiswahili

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuwagawa wahusika vijana katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la Shaaban Robert: vijana wa maadili, wasemao kwa upole na kushinda kwa hoja. Fungu la pili ni la Euphrase Kezilahabi: vijana waliosoma, wakakata tamaa, wakaangamia. Mgawanyo huu umeshika mizizi hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huujua kabla hajazifungua riwaya zenyewe. Kwa mujibu wake, Karama wa Kusadikika (1951) ni mwana halali wa fasihi ya Kiswahili, naye Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ni mwana wa kulea, aliyeletwa kutoka Ufaransa katika mizigo ya Sartre na Camus. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vijana hawa wawili ni ndugu wa damu. Wote wamepewa akili kuliko wenzao, wote wanatakiwa wafuate mkumbo, na wote wako peke yao. Kilichobadilika kati ya 1951 na 1974 ni njia ambayo jamii inaitumia kumrudisha kijana katika mstari, na mabadiliko hayo yanaweza kuelezwa bila ya kuvuka bahari.

Hadithi ya Kusadikika haina haja ya kusimuliwa upya kwa wasomaji wa jarida hili. Itoshe kukumbusha kwamba Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kuwafunza watu uwakili, na kwamba anajitetea kwa kulieleza Baraza habari za wajumbe sita, yaani Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa zamani kwenda pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mapendekezo ya kuitengeneza nchi, wakatiwa kifungoni. Wahakiki wengi wameisoma hadithi hii kama istiara ya utawala wa kikoloni. Usomaji huo una haki yake: Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya Kiingereza katika Tanganyika, na mtu wa kazi hiyo hakuwa na nafasi ya kuikosoa serikali waziwazi. Lakini istiara ya ukoloni imeimeza riwaya nzima. Watawala wa Kusadikika si wageni. Ni Wakusadikika, wanasema lugha moja na mshitakiwa wao, na wanahukumu kwa jina la desturi za nchi yao wenyewe. Ukiondoa ukoloni katika hadithi hii, kesi inabaki palepale: kijana mmoja amejua jambo ambalo wakubwa wake hawalijui, na kujua kwake kumekuwa kosa.

Tuanze na majina, maana Shaaban Robert hakuwa mtu wa kutoa majina ovyo. Karama ni kipaji, tunu ambayo mtu hupewa pasipo kuiomba. Neno hili lina asili moja na karamu, na undugu huo si wa sauti tupu: kipaji, kama chakula cha karamu, kina maana pale tu panapokuwa na watu wa kukila. Karama wa riwaya amepika, akaalika, akakamatwa mlangoni. Aliyemshitaki anaitwa Majivuno. Jina hili kwa kawaida hupitiwa haraka, kama kwamba ni kibandiko tu cha tabia mbaya, na hapa ndipo uhakiki umepoteza jambo la maana. Katika mazungumzo ya kila siku, pwani na bara, kijana anayewapita wenzake akili hutiwa doa moja mapema: anaringa, anajiona, ana majivuno. Doa hilo halihitaji ushahidi. Akisema sana, anajionyesha. Akinyamaza, anawadharau wenzake. Akiwasaidia, anataka asifiwe. Kijana hujikuta ameshitakiwa kwa tabia ambayo kila ushahidi wa kuikana huithibitisha. Shaaban Robert aliujua mtego huo, akautegua kwa jina moja. Majivuno, sifa ambayo umma humvika kijana, amemvika mshitaki. Kwa tendo hilo ameligeuza shitaka zima: mwenye kujivuna ni yule asiyeweza kuvumilia kufundishwa.

Tena wajumbe sita. Jambo linalosahauliwa mara kwa mara ni kwamba hawa hawakutoroka nchi yao wala hawakwenda kutafuta makuu kwa hiari yao. Walitumwa. Nchi ndiyo iliyowachagua kwa kuwa iliwaona ni bora, ikawapa safari ngumu, ikawangojea. Na waliporudi na kile walichotumwa kukileta, ikaona kuwa hicho walichokileta kinawafanya kuwa tofauti mno. Msomaji wa Kenya hawezi kusoma sehemu hizi bila kukumbuka ndege ya wanafunzi iliyoondoka Nairobi mwaka 1959 kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, na michango iliyokusanywa vijijini, kuku kwa kuku na shilingi kwa shilingi, ili mtoto wa fulani akasome. Mchango ni deni. Anayechangiwa hutakiwa arudi na shahada, lakini pia hutakiwa arudi yule yule aliyeondoka. Masharti haya mawili hayakai katika mtu mmoja, na Shaaban Robert aliyaeleza miaka minane kabla ya ndege hiyo kuruka.

Hata hivyo, upweke wa Karama una mipaka, na kuona mipaka yake ndiko kunakotusaidia kuielewa riwaya ya pili. Karama ametengwa, lakini anasikilizwa. Ana siku zake za kusema, ana Baraza lililoketi, ana mfalme anayeweza kugeuza hukumu. Zaidi ya hayo, maneno anayoyatumia ni yale yale wanayoyatumia washitaki wake: haki, wajibu, hekima, desturi njema. Hawakubaliani juu ya nani anayastahili maneno hayo, lakini wanakubaliana kwamba yana maana. Wahakiki wa miaka ya 1970, hasa wale waliofuata nadharia za kitabaka, walimlaumu Shaaban Robert kwa kumaliza kesi kwa huruma ya mtawala mmoja badala ya nguvu ya umma. Lawama hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Mfalme angekuwa na homa siku ile, Karama angekwisha. Lakini waliolaumu hawakuona kwamba mwisho ule unategemea kitu kikubwa kuliko huruma, yaani imani ya mwandishi kwamba mtu mwenye kipaji na watu waliomtenga wangali wanaelewana wanaposema. Riwaya inaishia barazani. Darasa la uwakili, ambalo ndilo lililoanzisha kesi yote, halionyeshwi.

Darasa hilo tunalikuta miaka 23 baadaye, na jina lake ni Chuo Kikuu. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alisoma Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya 1960. Aliingia chuoni wakati jeraha la mwaka 1966 lilikuwa bado bichi. Mwaka huo wanafunzi waliandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakafukuzwa na Rais Nyerere. Mwaka uliofuata zilitoka Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, maandishi yaliyoonya kwamba elimu ya kikoloni inamtenga kijana na jamii yake na kumfanya ajione bora. Onyo hilo lilikuwa na sababu. Wako wasomi waliotaka kurithi viti vya Wazungu pamoja na matakia yake. Lakini liliacha pia mazoea ya kumtazama kila kijana aliyesoma kwa jicho la Majivuno. Kijana aliyekuwa na mashaka ya kweli, mashaka ambayo hayakuwa ulafi wa cheo, hakuwa na mahali pa kuyaweka.

Kazimoto ni kijana huyo. Anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na jambo hilo peke yake limekwisha kutuondoa barazani. Hana wa kumjibu, kwa sababu hana aliyemshitaki. Anaporudi Ukerewe kwa likizo haogopwi wala hafungwi. Yeye ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu, fahari ya nyumbani. Hapa ndipo lilipo badiliko kubwa kati ya riwaya mbili. Kusadikika ilimkataza kijana. Ukerewe inamsifu. Na sifa hiyo inakuja na ramani ya njia iliyokwisha kuchorwa, nayo ni njia ya Manase.

Manase hastahili kupitwa kwa sentensi moja, kama inavyofanyika katika miongozo mingi. Alisoma na Kazimoto. Amekwisha kuwa mkuu wa wilaya, na riwaya inaanza na Kazimoto akiwa ofisini kwake akitafuta kazi ya likizo, akikaa kwenye benchi la wanaongoja kuitwa. Wote wawili ni vijana wenye akili. Tofauti yao ni kwamba Manase amekubali kuwa kile ambacho watu walitaka kijana aliyesoma awe. Amepata ofisi, amepata watu wa kumngojea nje. Huyu ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa. Kwa hiyo riwaya inatuwekea jambo gumu mbele yetu: yule aliyefuata mkumbo ndiye aliyewadhuru watu wake, na jamii haikumwona kuwa amepotoka, kwa kuwa kwa nje amekamilisha yote aliyotumwa. Anayeonekana amepotoka ni Kazimoto, anayeuliza maswali.

Hapana budi kulitazama pia jina la kitabu. Kichwamaji katika matumizi ya kawaida ni mtu mkaidi, asiyeshikika, au asiye na akili timamu. Lakini katika shule zetu mtoto hodari husifiwa kwamba ana kichwa. Hata baadhi ya walimu huwaita wanafunzi wao bora "vichwa". Kezilahabi ameichukua sifa hii akaifuata hadi mwisho wake. Mtoto wa Manase amezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Mtoto wa Kazimoto anakuja na kichwa cha namna hiyo hiyo, na haishi. Tafsiri iliyozoeleka husema kwamba watoto hawa wanawakilisha kizazi kijacho kilichoharibiwa na maradhi ya wazazi, na ni kweli kwamba maradhi yamo katika hadithi. Lakini picha yenyewe ni ya kichwa kilichokua mpaka mwili ukashindwa kukibeba. Jamii ilitaka vichwa, ikavipata, pasipo shingo wala mabega. Mtu hawezi kusema kwamba picha hii imetoka katika vitabu vya Kifaransa. Imetoka katika msemo wa mwalimu wa darasa la tatu.

Kwa ajili hiyo, neno udhanaishi, ambalo limebandikwa juu ya Kichwamaji kama mhuri, linasaidia nusu ya njia tu. Kezilahabi alisoma falsafa, na athari zake zimo. Kuzikana kungekuwa ukaidi. Lakini athari humpa mwandishi maneno ya kusemea jambo ambalo tayari linamkera. Isitoshe, mwandishi huyu alimjua Shaaban Robert kwa karibu: kazi zake alizitafiti katika shahada ya uzamili pale pale Dar es Salaam. Mtu aliyemsoma Karama kwa makini hivyo hawezi kusemwa kwamba hakuwa na mfano wa nyumbani wa kijana aliyetengwa kwa ajili ya akili zake. Wanaotaka kumfanya Kazimoto mgeni wanatumia, bila kujua, hoja ile ile iliyotumiwa juu ya wajumbe sita: ametoka huko, amerudi na mambo ya huko, mwacha mila ni mtumwa.

Hayo hayana maana kwamba Kazimoto ni mtakatifu. Kosa la wanaomtetea ni kumgeuza kuwa shahidi wa dhamiri aliyeonewa na wajinga. Anapanga kulipiza kisasi cha Rukia kwa kumharibu Sabina, dada wa Manase. Kwamba baadaye anamwoa hakufuti nia ya mwanzo. Upweke umemfundisha kuwatazama watu kama mifano ya mawazo yake. Shaaban Robert asingemwandikia Karama tendo kama hilo, na hapa riwaya ya 1951 ina udhaifu ambao ile ya 1974 imeuondoa: haikukubali kwamba kutengwa kunaweza kumharibu aliyetengwa. Wajumbe sita wanaonewa, lakini tabia zao hazina doa hata baada ya kuonewa. Msomaji aliyewahi kukaa na kijana hodari aliyechekwa na wenzake kwa miaka mingi anajua kwamba mambo hayawi hivyo sikuzote. Kejeli hukaa ndani, hukomaa, hutoka na ukali.

Kuna wanaolipia ukali huo. Rukia, Sabina, na kabla yao Rosa wa Rosa Mistika (1971), wanaonyesha kwamba msichana hana hata anasa ya kuwa mpweke kwa sababu ya mawazo yake. Rosa ni msichana ambaye shule ingeweza kumfikisha mbali. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa ajili ya barua ya mvulana. Woga unamtenga na wenzake. Na anapotoka mikononi mwa baba, chuoni Morogoro, anakwenda upande wa pili kwa kasi ile ile. Hakuna mahali katika riwaya ile panapomtaka awe Rosa. Kusadikika, kwa upande wake, haikutuma mwanamke hata mmoja kati ya wajumbe sita. Jambo hili lahitaji makala yake.

Kuna kijana mmoja wa kweli ambaye hawezi kuachwa nje ya mjadala huu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na umri wa miaka 22 alipokamatwa kwa ajili ya kijitabu Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968. Alifungwa mwaka 1969, akatoka 1972, na sehemu kubwa ya muda huo alitengwa na wafungwa wengine. Mashairi aliyoyaandika gerezani, kwenye karatasi za chooni, ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Huyu ni Karama aliyekosa mfalme wa kumsikiliza. Lakini tazama umbo la mashairi yake: vina, mizani, lahaja ya Kimvita, bahari zilizotungwa na wazee waliomtangulia. Mtu aliyefungiwa chumba cha peke yake aliandika katika umbo ambalo kila mstari wake unakumbuka kuwapo kwa wasikilizaji. Umbo lilikuwa jamaa yake. Dola ilimtenga, lugha haikumtenga.

Mwaka mmoja baadaye, 1974, mwaka wa Kichwamaji, Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Kelele zilizofuata zinajulikana. Aliambiwa na wanamapokeo kwamba hayo si mashairi, kwamba ameshindwa kanuni ndipo akazikimbia, kwamba anaiga wageni. Yaani kijana wa miaka 30 aliyekuwa ameandika juu ya shinikizo la kufuata mkumbo alikutana nalo katika nyumba ya Kiswahili chenyewe, na baadhi ya waliolitoa walikuwa watu wa elimu. Inafaa kuwatendea haki wanamapokeo: walijua kitu ambacho watetezi wa mashairi huru walikisahau, kwamba umbo la pamoja ni ushirika, na mwenye kuliacha anaacha zaidi ya vina. Walichokosa kukiona ni kwamba mtu ambaye ushirika huo umekwisha kumponyoka hawezi kuuigiza kwa kuhesabu mizani. Abdilatif alikuwa na Mvita nyuma yake, na ndugu yake Ahmad Nassir alikuwa malenga. Kezilahabi alitoka visiwa vya Ziwa Viktoria, akapitia seminari, akaandika katika lugha ambayo hakuinyonya kwa mama. Kumdai aandike kama Mmvita kulikuwa kumdai awe na watu ambao hakuwa nao.

Mjadala wa ushairi umepoa, na wote wawili hufundishwa bila ugomvi. Ugomvi umehamia kwenye karatasi za mitihani, ambako hauna kelele. Mwongozo wa kusahihisha swali juu ya Kusadikika huwa na vituo vyake: istiara, ukoloni, majina ya wahusika, nafasi ya wajumbe. Swali juu ya Kichwamaji nalo lina vyake: udhanaishi, kukata tamaa, mgogoro wa wasomi na wanakijiji. Mwanafunzi anayeandika kwamba Manase ndiye msomi aliyefaulu, na kwamba kufaulu kwake ndiko kunakomtisha Kazimoto, hana kituo cha kuwekewa alama. Msahihishaji mwenye karatasi 200 mezani ataandika pembeni "umetoka nje ya swali" na kufungua karatasi inayofuata.

Njia moja ya kuanza kurekebisha hali hii haina gharama. Riwaya hizi mbili kwa kawaida husomeshwa katika mihula mbalimbali, moja chini ya kichwa cha waasisi na nyingine chini ya kichwa cha riwaya ya kisasa. Zisomeshwe katika muhula mmoja, Karama wiki hii na Kazimoto wiki ijayo, na mwanafunzi aachwe aseme mwenyewe, kabla ya kupewa nadharia yoyote, ni yupi kati ya wawili hao anayemfahamu kutoka kijijini kwao.